Kopo la Nyuzi la Bibi

Kila asubuhi ya likizo ile, Kasuku aliamshwa na cherehani. Jogoo wa jirani alijitahidi sana, lakini cherehani ya mama ilikuwa imeshamtangulia. Kasuku aliondoka kitandani, akafagia uani, akampelekea Bibi chai barazani, kisha akakung'uta makombo ya mkate juu ya kisiki kilichokuwa chini ya mpera. Hapo kazi zake zilikuwa zimekwisha, na siku nzima ilikuwa bado mbichi.

Jina la Kasuku alipewa na baba yake kwa sababu ya mdomo wake. Tangu alipojua kusema, hakuwahi kujua kunyamaza. Lakini hata kasuku anahitaji mtu wa kumsikiliza. Baba, ambaye ni dereva wa lori, alikuwa amepiga simu kusema kwamba mzigo umechelewa na Krismasi itamkuta njiani. Rafiki wa Kasuku wa nyumba ya pili alikuwa amesafiri na wazazi wake. Mama alikuwa fundi cherehani, na mwezi wa Desemba fundi cherehani hana mtoto, ana wateja tu. Kwaya nzima ilikuwa imeleta vitambaa vyeupe vya majoho, na kola ya kila joho ilitakiwa idariziwe kwa uzi mwekundu.

"Mama, unajua nimeona nini leo kwenye mpera?" Kasuku alijaribu.

"Baadaye, mwanangu. Nikikosea mshono huu nitafumua mpaka kesho."

Hiyo baadaye haikufika. Kasuku akajaribu kwa Bibi, mama yake mama. Bibi alikuwa msikilizaji mzuri, ila usingizi ulikuwa umezoea kumjia katikati ya habari. Kasuku angefika penye utamu wenyewe wa hadithi, ageuke, amkute Bibi kidevu kimeshuka kifuani. Basi naye akazoea kunyamaza. Upweke ulimuuma zaidi jioni, madirisha ya majirani yalipoanza kumetameta kwa taa za rangi. Dirisha lao lilikuwa na taa moja tu, ya cherehani.

Waliobaki kumchangamsha walikuwa ndege wa uani. Kulikuwa na shomoro wagomvi, njiwa waliotembea kama wakaguzi wa shule, na kwera, wale ndege wadogo wa manjano wanaofuma viota vyao kwa majani. Kasuku aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, karatasi mapajani na penseli mkononi, akawachora. Kipenzi chake kilikuwa kwera dume mmoja asiyejua kukata tamaa. Alifuma kiota, jike akaja kukagua, akatia kichwa ndani, akaondoka bila hata kuaga. Dume yule alikibomoa kiota na kuanza upya. Kasuku alimpa jina la Fundi.

Siku moja alimwona Fundi akiokota kipande cha uzi mweupe kilichofagiliwa kutoka chumba cha kushonea na kukisokota kwenye kiota chake. Hapo Kasuku akapata wazo. Nyumba yao haikuwa na pambo hata moja la sikukuu, kwa kuwa mama hakuwa na nafasi na baba hakuwepo. Lakini ndege wakipata uzi mwekundu, si wataupamba mpera wote wenyewe?

Uzi mwekundu ulikuwa mahali pamoja tu, ndani ya kopo la Bibi. Lilikuwa kopo la biskuti, na wageni wengi walikuwa wamelifunua kwa hamu wakakuta nyuzi, sindano na vifungo. Macho ya Bibi hayakuweza tena kushona, lakini kila rangi alijua ilipo. Mama alipoita kutoka ndani, "Mama, kijani!" Bibi alichomoa kibiringo cha uzi wa kijani kwa kupapasa tu, akampa Kasuku akipeleke. Ndiyo kazi aliyokuwa amebaki nayo, na aliifanya kwa fahari.

Mchana Bibi aliposinzia, Kasuku alilifunua kopo taratibu na kuchukua kibiringo chekundu. Alijiambia kwamba angekata kipande kimoja tu, kisha akirudishe. Alikata kimoja, akakitundika tawini. Akaona hakitoshi, akakata kingine, na kingine. Fundi alikuja, akakivuta kimoja kwa mdomo, akaruka nacho. Kasuku alipiga makofi kwa furaha, na kibiringo kikabaki mfukoni mwake.

"Mama, nyekundu!" mama aliita jioni ile.

Bibi alitia mkono koponi kama kawaida. Mkono ulipapasa huku, ukapapasa kule. Akalimwaga kopo lote mapajani, akazigusa nyuzi moja moja.

"Nilikiweka hapa," alisema. "Nina hakika nilikiweka hapa."

Mama alitoka, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. "Kasuku, umeuona uzi mwekundu?"

Kibiringo kilikuwa palepale mfukoni. Kasuku alikifunika kwa kiganja. Alitazama uso wa mama uliochoka, akaogopa.

"Sijauona, mama."

Mama alishusha pumzi. "Mama, labda umekiweka mahali pengine. Juzi tu tuliikuta miwani yako ndani ya sukari."

Bibi alizigusa tena nyuzi mapajani. "Labda," alisema hatimaye. "Labda ni mimi. Kichwa hiki siku hizi hakinisaidii."

Mama hakuwa na nia mbaya. Alizikusanya nyuzi, akalichukua kopo kwa upole. "Wewe pumzika tu, mama. Nitalitunza mwenyewe."

Bibi aliitazama mikono yake iliyobaki mitupu, akaificha chini ya shuka lake.

Kuanzia hapo, baraza ilibadilika. Bibi hakusinzia tena mchana. Alizunguka nyumba akitafuta chini ya godoro, nyuma ya mlango, hata ndani ya viatu vya baba. Siku iliyofuata alimvuta Kasuku karibu, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, niambie kweli. Leo nimekunywa chai, au bado?"

"Umekunywa, Bibi. Nimekuletea mimi."

"Nilidhani hivyo. Ila siku hizi sijiamini."

Kasuku alikimbilia chumbani, akakitoa kibiringo chini ya mto alikokificha, akakishika, akakirudisha. Angelikiweka tena koponi kimyakimya, lakini kopo sasa lilikuwa mezani kwa mama, mbele ya macho yake. Na kila siku iliyopita iliufanya ule uongo kuwa mzito zaidi. Mama aliagiza uzi mwingine dukani, akaletewa mwekundu kama tofali, akaurudisha. Majoho yalijipanga kwenye kamba yakiwa hayana urembo wa kola, na wanakwaya walikuwa wanayajia mkesha wa sikukuu.

Asubuhi moja, Kasuku alipokwenda na makombo yake, alisikia vurugu mperani. Fundi alikuwa ananing'inia kichwa chini, miguu juu, anapiga mabawa kama anayezama majini. Uzi mwekundu ulikuwa umemviringa mguu na kumfunga kwenye tawi, na kila aliporusha mabawa ulizidi kumkaza.

Kasuku alipanda juu ya ndoo, akamfikia. Alipomshika ndege, hakubaki na mkono wa kukatia uzi. Alipouvuta uzi, ndege alimponyoka na kuanza kuhangaika upya. Akajaribu kwa meno, akashindwa. Mdomo wa Fundi ulikuwa wazi, na mabawa yalianza kulegea.

Kasuku alijua vizuri sana. Akiita mtu, uzi ule utaonekana. Asipoita, Fundi atakufa mkononi mwake. Alitazama barazani, akamwona Bibi ameinama, anatafuta tena chini ya kiti. Kasuku akapiga moyo konde.

"Bibi! Mama! Njooni, anakufa!"

Cherehani ilinyamaza. Mama alitoka mbio akidhani ni mtu aliyeanguka, na Bibi akaja nyuma yake kwa haraka ambayo hakuna aliyejua kwamba bado anayo. Hakuna aliyeuliza kitu. Bibi alimfunika ndege kwa upindo wa shuka na kumshika kwa mikono yake miwili. Mama alichukua mkasi mdogo wa nyuzi aliouvaa shingoni, akauingiza kati ya uzi na mguu, akakata polepole, mzunguko baada ya mzunguko.

"Mwachie sasa, mama," alisema.

Bibi alifunua shuka. Fundi alikaa kiganjani kwake akihema. Kisha akaruka hadi ukingoni mwa ua, akaukunja mguu wenye maumivu, akawakemea wote watatu kwa kelele, akaenda zake.

Mama alibaki na vipande vyekundu mkononi. Aliyatazama matawi, akaona vipande vingine vikipepea. Kasuku alishuka kwenye ndoo. Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka.

"Ni mimi," alisema. "Niliuchukua Bibi akiwa amelala. Nilitaka ndege watupambie mti kwa sababu nyumba yetu haina kitu. Kibiringo kiko chini ya mto wangu. Nilisema uongo, mama."

Alingoja makofi. Alingoja kelele. Lakini aliyesema kwanza alikuwa Bibi, naye hakumtazama Kasuku. Alikuwa anautazama ule uzi.

"Kwa hiyo si mimi," alisema taratibu. "Sikuupoteza mimi."

Uso wake ulikunjuka, akacheka, akajifuta macho, akacheka tena. Kasuku hakuwahi kuona mtu akifurahi hivyo kwa kuambiwa kwamba ameibiwa, na furaha ile ilimchoma kuliko fimbo. Alimkumbatia Bibi kiunoni, akalia kwa sauti.

"Nisamehe, Bibi. Nilikuona unatafuta, nikanyamaza."

"Ndiyo, ulinyamaza," Bibi alisema, na sasa alikuwa hacheki. "Uzi si neno, mjukuu wangu, unanunulika. Lakini mimi nilikuwa nalala nikijiambia, akili yangu imekwisha, kesho nitasahau hata jina la mtoto wangu. Hofu ile ulinibebesha wewe, na haikuwa yangu."

Mama alikuwa ameketi kwenye kisiki, juu ya makombo ya ndege. "Na mimi nilikuhukumu upesi, mama. Nisamehe." Kisha akamgeukia Kasuku. "Kusema uongo umekosa, na adhabu yako nitakupa. Ila wewe unayesema kutwa nzima, mbona hukuniambia kwamba nyumba imekushinda kwa ukimya?"

"Ulisema baadaye," Kasuku alijibu kwa sauti ndogo.

Mama alisogea kwenye kisiki, akampisha Kasuku aketi.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," Bibi alisema. "Mpweke naye ni mgonjwa, aseme. Akikosa wa kumsikiliza, apige hata sufuria."

Adhabu ilikuwa ni kuondoa kila kipande cha uzi mperani, kimoja kimoja, pasibaki hata unyuzi wa kumdhuru ndege. Baada ya hapo Kasuku alikileta kibiringo. Mama aliingia ndani, akatoka na kopo la biskuti, akaliweka mapajani pa Bibi. Kisha akatoa majoho nje na kiti chake, akaketi nao barazani kudarizi. Kasuku alitunga sindano, kwa kuwa macho yake yalikuwa makali, na Bibi alitoa uzi. Kazi ilikwenda na hadithi zilikwenda. Bibi akisinzia, Kasuku alimgusa goti na kuendelea pale alipoachia.

Uzi mwekundu uliisha ikiwa imebaki kola moja. Walitazamana.

"Manjano," Bibi alisema, akichomoa kibiringo kwa kupapasa. "Iwe ya kiongozi wa kwaya, ajulikane."

Kiongozi wa kwaya alipokuja kuchukua mzigo, alijitazama kwenye kioo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akasema fundi huyu ana ubunifu. Kasuku alimtazama mama, mama akatazama dari.

Krismasi yenyewe ilikuwa kimya. Baba alipiga simu kutoka njiani, na Kasuku alimsimulia habari yote, na ya uongo wake pia, bila kuruka kitu. Alimkumbuka baba hadi machozi yakamlenga, akamwambia na hilo. Simu ilipokatika, walikaa watatu barazani wakiwatazama ndege. Fundi alikuwa anafuma kwa majani mabichi, akichechemea kidogo. Jike alikuja, akatia kichwa kiotani, akatoka, akaingia tena. Safari hii hakuondoka.

"Nataka nimwone vizuri," Bibi alisema akipapasa mapajani. "Miwani yangu iko wapi? Nani ameichukua?"

Kasuku na mama walitazamana. "Iko kichwani kwako, Bibi."

Bibi aliigusa, akacheka mpaka kopo likatikisika na vifungo vikalia ndani yake.

"Haya, kosa hili ni langu," alisema. "Hili nitalibeba mwenyewe, wala halinilemei. Kosa huwa jepesi likibebwa na mwenyewe, mjukuu wangu. Lile la uzi lilinishinda kwa sababu lilikuwa lako."