Malkia, Kuku Asiyetaga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mutindi alifungua kizimba, akawamwagia kuku mtama, kisha akainama kutafuta mayai kwenye majani makavu. Kuku wa mama yake walitaga vizuri. Lakini kuku wake mwenyewe, yule mweupe aliyepewa na shangazi kwa kumsaidia palizi, hakuwa ametaga hata mara moja. Alikula kuliko wenzake, akatembea uani kwa madaha, akaota jua. Ndiyo sababu Mutindi alimwita Malkia.

"Hata leo, Malkia?"

Mama yake, Muthoki, alicheka huku akikoroga uji. "Huyo ni mgeni wa kudumu, mwanangu. Krismasi tutamwonja."

Mutindi alikuwa na mpango mwingine. Jumamosi hiyo kanisa lao la Mbumbuni lilikuwa na harambee. Wakati wa njaa ya mwaka wa 1984, nesi mmoja kutoka India, Sista Susana, alikuwa akifanya kazi katika zahanati yao. Mutindi alikuwa mdogo na mgonjwa, na Sista alimlisha uji kijiko kwa kijiko mpaka akapata nguvu ya kusimama. Sasa Sista alikuwa amerudi kwao, akilea watoto yatima karibu na bahari. Dhoruba ilikuwa imeng'oa paa la nyumba yao, na watoto wakawa wanalala chini ya turubai.

Pasta Mutunga alipotangaza habari hizo, mama mmoja aitwaye Ndululu alisimama. "Pasta, juzi tu sisi tulikuwa tukipanga foleni ya mahindi ya njano ya msaada. Leo sisi ndio wa kusaidia watu wa ng'ambo?"

"Ndiyo, Mama Mulei," Pasta alijibu. "Aliyepanga foleni ndiye anayejua njaa ilivyo."

Ndululu aliketi akinung'unika. Hata hivyo, siku ya harambee ilipofika, yeye ndiye aliyetangulia uwanjani, na boga kubwa kuliko yote kichwani.

Mutindi alifika na Malkia kwapani. Mulei, mwana wa Ndululu, ambaye walisoma darasa moja, alimcheka. "Huyo ni wa maonyesho tu! Watakupa bei ya manyoya."

"Utaona," alisema Mutindi, lakini moyo ulimwuma. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa Sista.

Dalali wa mnada alikuwa Mzee Jonah, fundi wa baiskeli mwenye sauti ya tarumbeta. Aliuza ndengu, asali, vikapu vya kusukwa viitwavyo vyondo, na mbuzi. Kwa desturi ya mnada wa kanisa, mnunuzi akitaka hukirudisha alichonunua ili kiuzwe tena. Boga la Ndululu liliuzwa, likarudishwa, likauzwa tena. "Boga hili haliishi!" Jonah alipaza sauti. "Ni kama deni la mahari!"

Ikafika zamu ya Malkia. Mtu mmoja akataja bei ndogo sana, na hakuna aliyeongeza. Mulei akaziba mdomo kwa kicheko. Mutindi akaona turubai machoni mwake, na watoto walionyeshewa na mvua. Kabla hajafikiri, akasema kwa nguvu, "Anataga! Anataga kila siku!"

Mama yake alikuwa nyuma ya kanisa akipika chai, hivyo hakusikia.

Mkono wa mkongwe mmoja ukainuka. Alikuwa Kalunde, ambaye kila mtoto wa pale alimwita Susu, yaani nyanya. Alifungua fundo la leso yake taratibu, akatoa fedha zote alizopata kwa kusuka vyondo. Hakuna aliyetaka kushindana naye.

"Susu, utamrudisha tumwuze tena?" Jonah akauliza.

"Huyu naenda naye, Jonah. Mjukuu wangu Mbula bado kifua kinamsumbua, na zahanati wamesema ale yai kila siku. Nimewasaidia yatima, na Mungu naye amenisaidia mimi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mutindi hakuweza kupiga makofi. Alimwona Susu akimnywesha Malkia maji kwa kiganja na kumwambia, "Wewe na mimi tutaelewana."

Akiusema ukweli, Susu angerudishiwa fedha zake, na paa la watoto lingepungukiwa. Akinyamaza, Mbula angeinama kila asubuhi kutafuta yai lisilokuwepo. Mutindi alijua vizuri jinsi kiota kitupu kinavyoonekana.

Akapita mbele. "Mzee Jonah, ngoja. Nimedanganya. Malkia hatagi. Hajawahi kutaga."

Minong'ono ikaenea hadi nyuma ya kanisa. "Si nilisema!" akapayuka Mulei, na Ndululu akamvuta sikio. "Nyamaza wewe!"

Muthoki alikuja mbio, upawa wa chai ungali mkononi. Hakumgombeza bintiye mbele za watu. Alisimama karibu naye, akamwekea mkono begani.

Susu Kalunde alimtazama Mutindi. "Umewahi kuona aibu kama hii?"

"La, Susu," Mutindi akajibu huku akilia.

"Basi hiyo imetosha." Akamkabidhi Jonah kuku. "Fedha zangu zibaki pale pale. Hata mimi Sista alinitibu. Mwuze tena kuku huyu, lakini sasa mwuze kwa ukweli wake."

Jonah akamwinua Malkia juu ya kichwa chake. "Mabibi na mabwana! Kuku huyu hatagi! Hakutaga jana, wala kesho hatataga! Anakula kama bwana harusi! Nani anamtaka?"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Kahiga, mwenye duka aliyetoka Murang'a, akasimama. "Mimi! Kila siku naletewa bidhaa zenye sifa tupu. Sijawahi kuona kitu kikiuzwa pamoja na kasoro zake." Akataja bei iliyowafanya watu wageuke kumtazama, akalipa, na papo hapo akamrudisha kuku. "Auzwe tena!"

Walimu wakachanga, wakamnunua, wakamrudisha. Kwaya ikamnunua. Akina mama wa vyondo wakaipita kwaya kwa bei. Mulei naye akatoa sarafu yake ya mandazi ili amshike tu. Malkia alichoka kupitishwa mkono kwa mkono, akalala usingizi mikononi mwa Jonah.

Jua lilipopungua ukali, Pasta Mutunga alisimama. "Ndugu zangu, paa limepatikana. Paa lote, na milango pia."

Ngoma zikalia, watu wakaruka. Ndululu alizungushwa katikati ya duara, boga lake likiwa limerudi kichwani. "Kumbe hata sisi ni watu wa kusaidia!" akasema kwa sauti kubwa.

Tangu siku iliyofuata, Mutindi alichota maji ya mama yake mtungi mmoja zaidi kila asubuhi, na kwa kazi hiyo alipewa yai. Alilipeleka kwa Mbula kabla ya kwenda shule. Hakuacha hata mvua ilipoharibu njia.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja Pasta alileta kanisani picha kutoka India. Watoto walikuwa wamesimama mbele ya nyumba yenye mabati mapya yanayong'aa, na Sista Susana katikati yao, akicheka. Susu Kalunde aliitazama picha hiyo sana, kisha akampa Mutindi.

"Tazama vizuri, mama. Siku ile ungenyamaza, ungewaezekea watoto wa mbali kwa yai la mtoto wa karibu. Nia yako ilikuwa njema, lakini jambo jema halihitaji kuegemezwa kwa uongo. Lina miguu yake. Lisimamishe juu ya ukweli, nalo litatembea mpaka ng'ambo."

"Nimesikia, Susu," Mutindi akasema.

Nje, Malkia, ambaye sasa alikuwa kuku wa kanisa, alipita kwa madaha bila kutaga chochote. Mbula alimkimbiza akizunguka uwanja mzima, akicheka, bila kukohoa.