Safari Ndiyo Dawa ya Gari

Mzee Onno wa mjini Leer alilipenda gari lake la dizeli kupita kiasi. Kila asubuhi aliliendesha polepole mpaka duka la mikate, mtaa wa pili tu, akarudi. Akifika nyumbani feni ya injini bado inavuma, alizima gari upesi. "Tusichome mafuta bure," alisema. Mkewe, Wiebke, alicheka tu.

Jumamosi moja simu ililia. Binti yao kule Bremen amejifungua! Mjukuu wa kwanza! Wiebke akabeba keki, mbio mpaka garini. Onno akawasha injini. Lo! Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi.

"Hatuendi popote," Onno akasema. "Litatuzimikia njiani."

"We Onno! Mjukuu wangu nimwone lini? Akiota ndevu?"

Kelele zikamtoa nje jirani yao Frauke, fundi wa magari. Akachungulia ile taa.

"Mzee, hili gari linakwendaga wapi?"

"Kwa mikate."

"Na feni ikivuma mkifika?"

"Nazima. Mimi si mbadhirifu."

Frauke akashika kiuno. "Ndiyo maana! Dizeli inatoa masizi. Kuna chujio la kuyanasa. Likijaa, injini inayachoma yenyewe, lakini inataka joto, na joto linataka mwendo. Mara nyingi hiyo feni ni dalili kwamba kazi inaendelea. Wewe unazima, masizi yanabaki."

"Basi nimeliua?" Sauti ilimshuka. Alisikitika kweli.

"Bado, mzee wangu. Taa hii inaomba mwendo tu. Ingekuwa nyekundu, au gari limekosa nguvu, ningekwambia ulilete gereji. Nenda Bremen kwa barabara kuu, usisuesue."

"Na mikate?"

"Una miguu! Au nunua gari la haibridi kama la binti yako. Lile lina injini na mota ya umeme. Mjini linatumia umeme zaidi, na ukishika breki linajichaji. Dizeli ni ya safari ndefu."

Wiebke alishafunga mkanda zamani.

Onno akakanyaga mafuta. Walipokaribia Oldenburg, taa ikazimika. "Imezimika!" akapiga kelele, akacheka peke yake.

Siku hizi mikate huifuata kwa baiskeli. Dizeli huenda Bremen kila Jumamosi. "Amri ya fundi," Onno huwaambia watu, uso umejaa tabasamu. Mjukuu ameota meno mawili. Akisikia ngurumo ya dizeli nje, hupiga makofi.