Penseli ya Bluu

Ukumbi wa hoteli iliyo mkabala na stesheni ya Penn, New York, ulikuwa umefurika wapenzi wa katuni Jumamosi ile, na kila mtu alikuwa na haraka ya kwenda mahali pasipo na nafasi. Vijana waliovaa barakoa za karatasi waligongana na wazee waliokumbatia maboksi ya katuni za zamani, jasho likachanganyika na harufu ya soseji na haradali. Katikati ya vurugu hiyo Nilda Arroyo alisimama kwenye foleni isiyosogea, ndani ya koti lake jekundu, akisikiliza mtu akimsema.

Msemaji hakujua kwamba anayemsema yuko nyuma yake. Alikuwa bwana mnene aliyevaa fulana yenye picha ya Jivu, yule shujaa anayeingia motoni na kutoka bila kuungua, na alikuwa amefika kwenye meza ya mchoraji.

"Penseli zako ni dhahabu tupu, kaka," alisema yule bwana. "Ila huyo anayezipitishia wino anakuharibia kazi. Mtimue!"

Mchoraji alikuwa kijana mrefu mwenye miwani, sweta lake limetoboka kiwikoni. Aliweka kalamu chini taratibu.

"Ukurasa wa tisa, pale mikono ya Jivu inapomnyanyua yule mtoto. Uliipenda?"

"Acha bwana! Nililia."

"Mimi sijui kuchora mikono. Nilichora viazi viwili. Mikono uliyoililia ni ya mtia wino, N. Arroyo. Ukikutana naye mwombe radhi, na umsalimie, maana mimi mwenyewe sijawahi kumtia machoni."

Nilda alihisi masikio yakipata moto. Miezi minane sasa Saul Brodkin alikuwa akichora kwa penseli kwao Brooklyn, kurasa zinapitia ofisini, na yeye anazipitishia wino kwenye meza yake kule Bronx, bila hata kusikia sauti ya mwenzake. Zamu yake ilipofika alisukuma kitabu mbele.

"Niandike kwa nani?" aliuliza Saul bila kuinua macho.

"Andika, kwa mwenye mikono."

Saul akainua macho. Aliona koti, akaona nywele zilizobanwa kwa penseli, kisha akaona kidole cha shahada chenye weusi wa wino usiotoka kwa sabuni yoyote.

"Wewe ndiye N.? Mimi miezi yote hii nakuita Nelson!"

"Ni Nilda. Na viazi vyako, bwana, vimenichosha."

Alicheka mpaka miwani ikamtoka. Foleni ililalamika, wapi! Hawakuisikia tena.

Penzi lao lilikulia pembezoni mwa kurasa. Wachoraji wana penseli moja ya bluu hafifu ambayo kamera ya mtambo wa kuchapia haiioni. Ukiandika nayo, mtia wino anasoma, lakini kitabu kikitoka maandishi hayapo, kana kwamba hayakuwahi kuandikwa. Kwa kawaida hutumika kwa maagizo tu. Panapotakiwa weusi mtupu, mchoraji hutia alama ndogo ya x, na mtia wino hupajaza. Lakini tangu siku ile ya hotelini Saul alijaza bluu kila ukingo. *Leo umekula? Nimekuota umevaa gauni la njano. Huyu mbwa ni mbwa, usidhani ni farasi.* Nilda akajibu kwa bluu vilevile. Siku moja, chini ya jengo linaloungua, alikuta maneno haya: *Utaolewa nami lini?* Akaandika: *Siku utakayojifunza kuchora mikono.*

Kila Jumapili Saul alikula wali na maharage nyumbani kwa akina Arroyo, akipambana kwa domino na baba yake Nilda, Don Eusebio, kama mtaa ulivyomwita kwa heshima. Mzee huyo alikuwa na kovu refu juu ya nyusi ya kushoto, na mtaa mzima ulijua alikolipata. Mwaka wa sabini na nne jengo lao liliungua, na Eusebio, aliyekuwa mtunza jengo, aliingia ndani mara tatu na kutoa watoto watatu. Mpaka wakati huo akipita dukani wanaume walivua kofia. "Shujaa wetu!" walimwita, naye alitazama viatu vyake.

Kisha Saul akamweleza Nilda jinsi hadithi ya Jivu itakavyokwisha. Walikuwa mkahawani, mayai yakipoa.

"Toleo la mwisho anavua barakoa mbele ya wapangaji aliowaokoa," alisema Saul. "Anawaambia ule moto wa kwanza aliuwasha yeye. Wasomaji watanichukia. Lakini ndivyo alivyo tangu ukurasa wa kwanza. Mbona unalia? Nilda?"

Ndipo Nilda alipolitoa jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote chini ya jua. Mwenye jengo alitaka wapangaji watoke. Baba yake ndiye aliyefungua mlango wa chini na kumwaga mafuta ya taa, akiamini watu wote wamekwenda kwenye sherehe ya kanisa. Hawakuwa wamekwenda wote. Familia kumi na nne zililala barabarani, na Bi Tomasa wa ghorofa ya tatu aliungua mikono yote miwili.

"Alikiri kwangu mimi peke yangu," alisema Nilda. "Likitoka, Saul, atakufa kwa aibu. Unanielewa? Mtaa ule ndio maisha yake yote."

"Limezikwa hapa," alisema Saul, akijigusa kifua.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu asubuhi, Nilda alipeleka kurasa ofisini. Mhariri wao, Haggerty, mtu wa suspenda na sauti ya tarumbeta, alimvuta mkono hadi mezani.

"Njoo uone maajabu! Kurasa zenyewe ziko kwa mwandika maneno ya wahusika, zitakufikia Alhamisi, ila nimezitolea fotokopi. Tazama uso huo! Saul hajawahi kuchora uso kama huu maishani mwake!"

Nilda alitazama. Jivu alikuwa amevua barakoa, na aliyekuwa chini ya barakoa alikuwa Eusebio Arroyo. Mashavu yake, midomo yake, na kovu lake juu ya nyusi ya kushoto, yote wazi, bila kivuli hata kidogo. Chini yake mtu yeyote angesoma: *Ule moto niliuwasha mimi.*

"Umependa, eh?" alinguruma Haggerty. "Ijumaa saa sita mchana kiwe kwa mchapaji."

Kitabu hicho kiliuzwa kwenye kila duka la mtaa wao. Bi Tomasa mwenyewe humnunulia mjukuu wake kila mwezi. Nilda alishuka ngazi ghorofa saba bila kungoja lifti, akaingia kwenye kibanda cha simu, akampigia Saul.

"Haloo, mpenzi! Nilikuwa nataka..."

"Umechora uso wa baba yangu."

"Nilda, ngoja kidogo..."

"Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo, lakini hujaona..."

"Nimeona! Nimeona vizuri sana. Nilikupa siri ya nyumbani kwetu, wewe ukaifanya mtaji wa sifa. Usinitafute tena, Saul Brodkin. Hata kwa bluu usinitafute."

Alikata simu kwa nguvu hata mtu aliyekuwa akisubiri nje akarudi nyuma.

Saul alipiga nyumbani Jumatatu, akapiga Jumanne mara nne. Nilda alijifungia chumbani, na Don Eusebio ndiye aliyepokea, kwa Kiingereza chake cha kuvunjikavunjika.

"Anaoga. Ndiyo, bado anaoga. Kijana, binti yangu akisema anaoga siku mbili, jua umeharibu." Kisha aligonga mlango. "Anasema uangalie ukurasa, mwanangu."

"Nimeshauangalia, Baba."

"Anasema wenyewe. Sijui ana maana gani."

"Yeye mwenyewe ndiye asiyejua maana ya kitu!"

Jumatano hakula. Angemwambiaje mzee? Akikataa kazi, Haggerty angempa mtia wino mwingine, na uso ungetoka vilevile. Njia ilibaki moja tu, nayo ingemfukuzisha kazi. Angeuzamisha uso ule kwenye wino mweusi, wote, kabla hujafika kwa mchapaji. Saul na akaropoke huko.

Alhamisi saa nne asubuhi bahasha ilifika. Nilda alisubiri mpaka aliposikia baba yake akishuka kununua mkate. Alifungua wino, akachovya brashi nene kuliko zote, akavuta ukurasa chini ya dirisha.

Brashi ikamgandia mkononi.

Uso ulikuwa umejaa bluu. Alama ndogo za x zilitapakaa kila mahali, juu ya mashavu, juu ya midomo, ndani ya macho, na juu ya kovu lenyewe alama tatu zilizokandamizwa kwa mkono mzito. Pembeni palikuwa na maandishi:

*Nilda, jaza weusi wote, usibakize hata nukta. Sikuweza kuchora kivuli kisicho na mtu ndani yake. Uso huu tuuone sisi wawili tu, kisha uzame. Usipotaka hata hivyo, ufute, nitamchora mwingine. Nilitaka nikuombe ruhusa kabla hujaona. S.*

Fotokopi! Mashine ya fotokopi haioni bluu kama vile kamera isivyoiona. Yeye, aliyeishi na kupenda ndani ya rangi hiyo mwaka mzima, alikuwa amehukumu ukurasa kwa karatasi ambayo haingeweza kumwonyesha neno hata moja aliloandikiwa. Nilda alijiona mjinga, akalia kwa uchungu na kwa furaha pamoja.

Hakusikia mlango.

"Huyo ni mimi," ilisema sauti nyuma yake.

Don Eusebio alisimama na mkate kwapani. Nilda alifunika ukurasa kwa mikono, lakini mzee aliiondoa polepole, akasoma maneno ya Jivu akifuatisha kwa kidole.

"Ulimwambia."

"Nilimwambia, Baba. Nisamehe."

Mzee akavuta kiti. Akakaa, akagusa alama moja ya x.

"Na haya madudu ya bluu?"

"Ni ya kuziba. Nikijaza wino hakuna atakayekuona. Nilikuwa naanza sasa hivi."

"Hawa watu mliowachora wanamfanya nini, wakishasikia?"

"Hatujui. Hadithi inaishia hapo, uso ukiwa gizani."

"Basi huyo shujaa wenu ni mwoga kama mimi. Anakiri akiwa amejificha." Alijipapasa kovu. "Miaka kumi na miwili, Nilda. Kila asubuhi napita pale dukani, wananivulia kofia, nami natamani mmoja wao anitemee mate. Tomasa huniletea sahani ya wali kila Krismasi. Ameibeba kwa mikono ile! Unadhani wali ule unapita kooni?"

"Baba, tafadhali..."

"Jaza. Ila kovu uliache."

"Watakujua!"

"Wanaonijua watanijua. Kitabu kinatoka lini?"

"Baada ya wiki sita."

"Wiki sita nyingi. Nitakwenda kwa Tomasa leo, nimwambie mwenyewe, asije akalisoma kwenye kitabu cha mjukuu wake." Aliinuka, akaweka mkate mezani, akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni kama mtu anayekwenda kanisani. Mlangoni aligeuka. "Na huyo kijana mpigie. Anachora vizuri. Kaninyoosha pua."

Nilda alisikia hatua zake zikishuka ngazi, zikisita ghorofa ya pili, kisha zikiendelea. Alichovya brashi tena. Alijaza mashavu, midomo na macho. Kovu alilizunguka kwa brashi nyembamba kuliko zote, likabaki peke yake katika mwanga. Kisha alishuka kwenye mikono ya Jivu iliyoshika barakoa, akiwa tayari kuirekebisha kama kawaida, akasimama. Aliitazama kwa karibu, halafu kwa mbali.

Ijumaa saa nne asubuhi aligonga mlango wa Saul, vifungo vya koti jekundu vimefungwa kombo, ukurasa chini ya mkono. Saul alifungua akiwa na ndevu za siku nne.

"Fotokopi," alisema Nilda.

"Fotokopi," alijibu Saul. "Nilikuwa nakwambia..."

"Nilikata simu, najua. Ningekuwa na akili ningekusikiliza. Nawe ungekuwa na akili ungeniuliza kwanza, kabla ya penseli kugusa karatasi. Nilikufa siku tatu, Saul!"

"Nilikosea. Sina la kujitetea."

"Basi shika, tuna saa mbili."

Saul aliubeba ukurasa hadi dirishani. Aliangalia weusi, akaona mstari ule mweupe juu ya nyusi, akageuka uso umempauka.

"Nilda, umesahau hapa! Ataonekana!"

"Sikusahau. Yeye ndiye aliyetaka. Jana alikwenda kwa Bi Tomasa."

"Akasemaje Bi Tomasa?"

"Alimfungia mlango. Leo asubuhi baba amerudi tena. Nimemwacha amekaa kwenye ngazi, kofia mkononi, na watu wanapita, wote wameshasikia. Hakuna aliyemvulia kofia. Lakini ameinua uso, Saul. Sijawahi kumwona ameinua uso mtaani."

Saul alitaka kumshika, lakini Nilda alirudi hatua moja, akaonyesha chini ya ukurasa kwa kile kidole cheusi.

"Hujamaliza kusoma."

Saul alivua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa tena. Pembeni, karibu na mikono ya Jivu ambayo safari hii haikuguswa ila kufuatishwa kwa wino mstari kwa mstari, palikuwa na maneno manne ya bluu. Aliyasoma mara ya kwanza kama maagizo ya kazi. Mara ya pili akakumbuka lile swali lake la chini ya jengo linaloungua na jibu alilopewa, akakaa sakafuni na ukurasa mapajani, akiulinda usikunjike.

*Mikono safari hii imetulia.*