Kilo Hamsini na Mbili za Mashua Namba Nne

Mashua sita za klabu ya Wazungu pale Stanleyville zilikuwa ndugu wa tumbo moja, na siku zilipopimwa, namba nne ikakutwa na mimba. Hivyo ndivyo walivyosema wanawake wa Tshopo, wakacheka mpaka vitenge vikalegea.

Zote sita zilikuwa na umbo moja, mlingoti mmoja, tanga la kipimo kimoja, na chini kabisa ya kila moja ulining'inia mkuku wa madini ya risasi, ule uzito unaoizuia mashua isilale upepo ukipiga. Ndiyo sheria ya mchezo wenyewe: mashua zikifanana kama mayai, anayeshinda ni mtu, si chombo. Uhuru ulipofika Wazungu wakafunga masanduku, na funguo za klabu zikabaki kwa Benoît, kalani wao wa ofisi, kijana wa tai na viatu vya kung'aa. Huyo akataka mashindano ya kwanza ya watu weusi, tena kwa règlement ileile, sheria za Wazungu nukta kwa nukta. Mtunza mashua alikuwa Feruzi, fundi seremala, baba mkwe wake. Benoît alikuwa amemwoa Zaina binti Feruzi, na wapo waliosema alipenda randa ya mzee kabla ya kumpenda mtoto.

Basi mashua zikatundikwa kwenye mizani, moja baada ya nyingine. Tano zikawa sawasawa. Namba nne ikazidi kwa kilo hamsini na mbili.

Feruzi aliifuta ndani, akapitisha mkono kila pembe, hakupata hata jani. Lakini kila akiinama alisikia harufu ya kafuri, ile ya kuoshea maiti, na ubao wa nyuma ukalia kwii, polepole, kama mtu anayesogeza makalio ili mwenzake apate kukaa.

"Benoît, humu iko mutu," alisema kwa sauti ya chini.

"Mutu gani, papa? Mashua iko tupu."

"Tupu haina kilo."

"Bon. Règlement inasema zote sawa. Kata risasi ya chini, kilo makumi tano na mbili, tumalize."

"Risasi ndiyo inasimamisha mashua, mwanangu."

"Na kama huyo mutu yako iko, basi yeye ndiye atasimamisha. Umupe kazi."

Benoît alicheka peke yake. Feruzi alikata risasi. Siku ya mashindano namba nne ilikwenda wima kama zingine, ikaingia ya tatu, watu wakapiga makofi, na hakuna aliyejiuliza ni nani aliyekuwa ameishika kutoka chini.

Kisha ukaja mwaka wa uasi. Waasi waliingia mjini wakaanza kuwasaka makalani, nyumba kwa nyumba. Tai shingoni ikawa sawa na kamba ya kunyongea. Benoît alijificha siku kumi na moja chini ya mbao katika karakana ya mkwe wake, viatu vyake vimetupwa chooni. Pirogi zote za ukingo ule, mitumbwi ya wavuvi, zilikuwa zimechukuliwa, na mashua tano zimetobolewa kwa risasi za bunduki. Namba nne tu waliiacha, maana kila askari aliyeingia ndani yake alitoka akitapika.

Feruzi aliona njia moja: wavuke asubuhi, ukungu ukiwa bado mzito juu ya mto, wafike Lubunga ng'ambo ya pili, waingie porini kwa tonton Kasongo, jamaa yao. Yeye ashike usukani, Benoît alale chini, Zaina ashike kamba za tanga.

"Mimi siingii na ile kintu, papa," alisema Zaina. "Watoe kwanza."

Ndipo akaitwa Mwalimu Lukumani, msomaji wa dua. Alikuja alfajiri na chetezo cha ubani na maji ya kombe, akasimama gatini, akasoma. Ubao wa nyuma ukalia, ukalia tena. Harufu ya kafuri ikatoka, ikapita katikati yao baridi kama kitambaa kilicholowa, ikaenda zake mtoni. Mashua ikainuka kidogo majini.

"Ameshuka," alisema Mwalimu.

Zaina akatia mguu ndani. Mashua ikalala ubavu palepale, mlingoti ukapiga maji, wakamvuta kwa mkono.

Feruzi alikaa chini. "Risasi, Benoît. Tuliikata."

Walitupia ndani magunia mawili ya mchanga; yakateleza upande mmoja, na mashua ikalala upande huohuo. Mchanga ulikaa sakafuni. Yule aliyefukuzwa alishika kutoka chini ya maji.

Huko juu barabarani lori likasimama. Milango ikafunguliwa. Watu walicheka, kicheko cha watu wasiolala.

"Mwalimu, murudishe," alinong'ona Benoît.

"Mimi kazi yangu kufukuza. Kualika sijui. Tena aliyefukuzwa pahali harudi pale, ataomba pengine." Mwalimu alikunja kitabu chake, akafuata njia ya ukingoni kwa mwendo wa kawaida, maana yeye hakuwahi kuvaa tai.

Zaina akapiga magoti penye maji. "Mama," alisema kwa kunong'ona, maana jina la yule asiyeonekana hakulijua, "utusamehe. Kuya utuvushe. Mashua tulikunyima, lakini kwangu mimi pahali iko."

"Zaina, nyamaza," alisema Feruzi.

Lakini kafuri ilikuwa imekwisha rudi, na mashua ikasimama wima taratibu, ikatulia, ikangoja.

Wakaingia, na ukungu ukawafunika, na sauti za waasi gatini zikawa nyuma, na mto ukawavuta na tanga likajaa ingawa upepo haukuwepo, na Feruzi alishika usukani bila kuupinda hata kidogo, kwa kuwa mashua ilijua njia yenyewe, huku Benoît akilala kifudifudi sakafuni, sikio lake juu ya mbao, akisikia upande wa pili wa ubao mtu akipumua kwa kazi nzito, akivuta, akipumzika, akivuta, mpaka mchanga wa Lubunga ukakwaruza chini yao.

Walishuka watatu. Wakasimama mchangani, wakatazama nyuma. Mashua ilikuwa bado wima, tupu.

Zaina alinyoosha mkono, kama anayemsaidia mgeni mzee kushuka.

Mashua ikapinduka tumbo juu, na mto ukaichukua.

"Alors, twende," alisema Benoît.

Njia ya porini ilikuwa nyembamba. Feruzi alitangulia, Benoît akafuata. Zaina alitembea nyuma yao, upande mmoja wa njia, miguu ndani ya majani yenye umande, akiacha nafasi ya mtu mmoja kando yake.