Kikohozi cha Mzee wa Kanisa

Kila Jumamosi, nikishafua sare zangu na kuzianika, nilikwenda kwa Mwalimu. Alikuwa fundi wa kushona nguo, na Jumapili alitufundisha Biblia sisi watoto kanisani. Tulijibana kwenye chumba chake cha mbele, kati ya cherehani na kitanda cha mama yake, tukamwimbia bibi yule ambaye hakuweza tena kuinuka. "Wajukuu zangu wamefika," alisema kila mara, ingawa hakuwa na mjukuu hata mmoja.

Mimi waliniita Kasuku, kwa sababu nilijua kuiga watu. Ndiyo maana Mwalimu alipotutungia mchezo wa Yesu kumponya mtu mwenye mkono uliopooza siku ya Sabato, alinipa nafasi ya Farisayo mkuu, yule aliyekasirika kwa kuwa sheria imevunjwa.

Siku ya mchezo kanisa lilijaa. Ilipofika zamu yangu ya kumkaripia Yesu, utani ukanipanda kichwani. Nilikohoa mara tatu, nikainua kidevu, nikavuta maneno: "Jambo hili... halikupita... kwenye kikao!" Watu walivunjika mbavu. Kila mmoja alimtambua baba yangu, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Baba peke yake hakucheka.

Baada ya ibada wazee waliketi ofisini, wakaniita. Mwalimu alikuwa amesimama karibu na kabati la vitabu vya nyimbo.

"Nani alikufundisha kukohoa vile?" baba aliuliza, amenikazia macho.

Niliogopa. "Mwalimu," nikasema.

Mwalimu alinitazama. Nilingoja akatae, aseme naongopa. "Huyu ni mtoto wa darasa langu," alisema taratibu. "Kosa lake ni langu."

"Kwa hiyo sisi ndio Mafarisayo, siyo?" mzee mwingine alifoka, na wala hakungoja jibu. Wakamsimamisha kufundisha, na wazazi wakaambiwa wasiwaruhusu watoto kwenda nyumbani kwake tena.

Jumamosi mbili zikapita. Nilifua, nikaanika, nikakaa. Moyo ulinisuta usiku na mchana, lakini kila nilipofungua mdomo mezani mbele ya baba, niliishia kuomba chumvi.

Alhamisi iliyofuata mama alirudi kutoka sokoni, kapu bado mkononi. Mama yake Mwalimu alikuwa amefariki. "Masikini," mama alisema, "eti siku zote hizi alikuwa anauliza wajukuu zake amewakosea nini."

Niliangua kilio. Nililia mpaka baba akatoka chumbani. "Si Mwalimu, baba," nikasema kwa kwikwi. "Kikohozi nilikiiga mwenyewe. Hata yeye hakujua kama nitafanya vile."

Nilingoja kofi. Badala yake baba alijitupa kitini kama mtu aliyeishiwa nguvu. "Nilijua," alisema. "Unaniiga tangu ukiwa na miaka minne. Nilijua siku ile ile, ila kuchekwa kuliniuma, nikatafuta mtu wa kumbebesha."

Kesho yake, makaburini, baba alisimama mbele ya waombolezaji akasema yote bila kujitetea. Alimwomba Mwalimu msamaha, akamrudishia darasa lake mbele ya watu wote. Wenzangu waliimba.

Watu walipoanza kutawanyika, nilimfuata Mwalimu. "Nisamehe, Mwalimu."

"Nilikusamehe palepale ofisini, mwanangu." Alijifuta machozi kwa kiganja, kisha akanishika mabega. "Lakini sitakuficha, maana akili unayo. Ulichosema jana kimenirudishia jina langu na darasa langu, na ninakushukuru. Baba yako naye amefanya vizuri, kwa kuwa mkubwa kukiri kosa hadharani si mchezo. Ila mama yangu alikuwa anawahitaji ninyi wiki mbili zilizopita, na huyo hakuna wa kunirudishia. Siku nyingine ukiujua ukweli, useme siku hiyohiyo, hata kama unatetemeka. Useme wakati yule anayeuhitaji bado anaweza kuusikia."

Alinivuta kifuani mwake, tukalia wote wawili.