Kisanduku Kinachoitika

Saa saba mchana, Mwanza wakiwa wamezima redio yao kwa ajili ya chakula, kompyuta ya zahanati ya Dutwa ikaandika: NIMEPATA.

Evalina, mwendesha redio, akaacha ugali wake. Imepata nini, na kutoka kwa nani?

Ulikuwa mwaka wa tisini na tano, kila mwenye Fuso amegeuka mnunuzi wa pamba, na zahanati nayo haikutaka kubaki nyuma. Fundi Joakim alikuwa ameiunganisha kompyuta kuukuu na simu ya upepo kwa kisanduku kidogo, ili barua zipite hewani zikiwa zimeandikwa, watu waache kupiga kelele za "ova, ova" mpaka koo likauke. Barua ikifika, kisanduku kinajibu chenyewe: NIMEPATA. Hakimuulizi mtu, na kila mtu alikisifu kwa hilo.

Juu ya neno lile palikuwa na jina moja tu: THOMASI. Chumba kikanuka pamba inayoungua. Kabla ya jioni mlinzi Thomasi alianguka getini, macho wazi, hasemi. Kesho yake saa ileile likaja MILEMBE, kisanduku kikajibu, na Milembe, mpishi aliyekuwa pia akimtunza Nancy, mtoto wa Evalina, akaanguka jikoni.

Ndugu za Thomasi wakamleta mganga Kwandu kutoka Shishiyu. Hakutikisa hata njuga. Aliomba asomewe kilichoandikwa, kisha akamnong'oneza Evalina:

"Mayu, ukiitwa na mtu usiyemwona, unaitika?"

"Hata! Nimekatazwa tangu utotoni."

"Huyu wenu wa kisanduku hajakatazwa. Jini linawaita, yeye anawaitikia. Mzimeni."

"Nikizima, Nkoma watakufa," Evalina akajibu. Kipindupindu kilikuwa kimeingia kijiji cha Nkoma, simu ya mezani imekatika tangu wiki iliyopita, maikrofoni ya redio Joakim alikwishaing'oa, na gari la dawa lilikuwa linaondoka Mwanza saa tisa. "Haki ya Mungu sizimi! Hilo jini halina mgonjwa hata mmoja. Mimi ninao arobaini."

Akamwamuru Joakim akizuie kisanduku kisijibu tena chochote. Joakim akabonyeza, kisha akatoka mbio. Kwandu akasimama mlangoni.

"Lisipoitikiwa halina pa kushika," akasema polepole. "Hata hao wawili litawaachia. Ila litakujaribu."

Evalina akaanza kuandika. Nancy alikuwa amekaa chini ya meza juu ya kanga, maana hakuna tena wa kumwachia. Harufu ya pamba ikarudi. EVALINA, kioo cha kompyuta kikaandika. Hakuitika, akaendelea kuandika. EVALINA. EVALINA. Kisha EVA WANE, yaani Eva wangu, jina alilokuwa akiitwa na marehemu mama yake peke yake, na machozi yakamtoka kwa hasira.

"Mama yangu humjui," akasema kwa meno. "Kaite kwenu!"

Kutoka wodini ikasikika sauti ya Milembe akiomba maji. Evalina akacheka kwa nguvu, akaandika haraka zaidi, na ndipo spika, ambayo siku zote ilikuwa ikilia kama vyura tu, ikanyamaza, ikakwaruza, ikavuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima, na kwa sauti ya Evalina mwenyewe, ile laini anayoitumia nyumbani wakati wa kulala, yenye upendo wote alionao duniani, ikaita: "Nancy."

Wiki ile ndiyo kwanza Nancy alikuwa amejifunza kuitika. Akainua uso kwenye spika, akatabasamu, akafumbua mdomo.

Evalina akamnyakua, akamziba mdomo kwa kiganja. Mtoto akajitupa, akamng'ata. Spika ikaita tena, na tena. Evalina hakuachia, damu ikimchuruzika mkononi, na kwa kidole kimoja cha mkono wa pili akamalizia: NKOMA, DRIPU CHUPA MIA NNE, LEO.

Mwanza wakajibu: TUMEPATA.