Ajiako ya Zoraida

“Rudisha muhogo wako nyumbani, Odalmis. Humu hauingii.”

Aliyesema hivyo ni Eliécer, mchumba wake, mwiko mkononi, mbele ya mtaa mzima. Ilikuwa sikukuu ya San Juan pale Camagüey, Kuba, siku ambayo kila nyumba huleta ilichojaliwa, kikatumbukizwa kwenye sufuria moja barabarani, ukapikwa mchuzi wa ajiako. Hakuna mtu aliyewahi kukataliwa.

“We Eliécer!” Migdalia, jirani asiyefunga mdomo, akadakia. “Hata mume wangu wa kwanza, mwizi wa kuku yule, mahindi yake yaliingia!”

Watu wakacheka. Odalmis hakucheka. Wiki tatu alimpigia Eliécer bila kupokelewa. Alijibiwa kwa ujumbe mmoja tu: “Umemwibia marehemu.”

Kosa lake alilijua. Video yake ya kupika ajiako ilitazamwa na watu laki nne, hadi Uhispania na Meksiko, na humo alisema amefundishwa na bibi yake. Uongo mtupu. Aliyemfundisha ni Zoraida, mama yake Eliécer, aliyezikwa mwezi Mei.

“Mama aliiona,” Eliécer alisema. “Alikuwa kitandani, nimemshikia simu. Nikataka kukupigia, akanizuia. ‘Mwache, amependeza.’ Kisha akageukia ukutani.”

“Eliécer, mimi nimekulia kituo cha yatima. Watu waliniuliza nimejifunzia wapi, nikaona haya kusema sina kwetu.”

“Na pale kwa mama palikuwa kwa nani?”

Odalmis aliuweka muhogo chini. Akatoa simu, akaanza kurusha video mubashara.

“Jamani, niliwadanganya. Bibi sina. Ajiako ile ni ya Zoraida, wa mtaa huu. Alinishika mkono nikoroge. Mahindi yatangulie, ndizi zifuate, na usionje kabla jirani hajaonja. Nilimnyima jina lake akiwa hai, anasikia. Nyie naweza kuwaomba msamaha. Yeye nimeshachelewa.”

Migdalia alijifuta macho kwa aproni, asiseme neno, jambo ambalo mtaa ule haukuwahi kuliona.

Eliécer akainama, akaokota ule muhogo, akaumenya taratibu, akautia.

“Usizime,” alisema. “Kuna jambo moja hujawaambia.”

“Lipi, mpenzi?”

“Wageni wakija, mama alikuwa anasema, ‘Huyu ni binti yangu.’ Hakuwahi kusema mkwe.”

Odalmis alifungua mdomo awaambie watazamaji, akashindwa. Ikabidi Eliécer aishike simu, akawaambia yeye.